Kusimama Saa Tisa

Nyumbani kwa akina Machin, Krismasi haikufuata saa ya kanisa wala njaa ya mtu. Ilifuata saa ya Mfalme. Kila Krismasi Mfalme wa Uingereza huhutubia taifa saa tisa alasiri. Kwa hiyo saa nane na nusu sahani ziwe tupu, saa tisa kasorobo kila mwenye haja awe ameshakwenda msalani, na saa tisa kasoro dakika tano televisheni iwe inanguruma sebuleni, watu wamekaa kila mtu mahali pake. Bata mzinga ambaye hajaiva saa saba na nusu huliwa hivyo hivyo. Mwaka mmoja aliliwa nusu mbichi, nyumba nzima ikaharisha mpaka tarehe ishirini na nane, lakini hotuba waliisikia.

Sheria hizo zilikuwa za Desmond, naye alizirithi kwa baba yake, mchimba makaa ambaye alimsikiliza mfalme wa zama zake redioni akiwa amesimama jikoni na buti zake. Wimbo wa taifa ukipigwa mwanzoni, wote husimama. Mikono ubavuni, macho mbele, hakuna kugeuka. Hotuba ikianza mnakaa, na hakuna anayefungua kinywa mpaka iishe. Na yale mataji ya karatasi ambayo watu huvaa mezani siku hiyo yavuliwe mapema. "Huwezi kuvaa taji mbele ya mwenye taji," Desmond husema, na kila mwaka husema kana kwamba ameitunga asubuhi ile. Avril, mkewe, alikuwa ameisikia mara hamsini na moja na bado hakuwa ameona kichekesho kiko wapi.

Mwaka huu mwenye sheria alikuwa anakuja kwake kama mfungwa, kwa ruhusa ya hospitali ya muda wa saa saba tu. Mwezi wa Septemba, akitoa pipa la taka, aliteleza kwenye ngazi ya mlangoni akavunjika nyonga. Madaktari wakaifunga kwa chuma, wakasema imepona vizuri, lakini Desmond hakusimama. Kila asubuhi binti wa mazoezi ya viungo alikuja kitandani, akamwambia ajaribu kuinuka kwenye kiti, na kila asubuhi Desmond alitoa jasho, akaguna, akabaki pale pale. Mwishowe wakaandika ukutani juu ya kitanda chake, kwa herufi kubwa: WATU WAWILI. Maana yake hakuna mtu wa kumnyanyua peke yake. Na mtu wa watu wawili harudishwi kwenye nyumba yenye kikongwe mmoja wa miaka sabini na minne, tena mwenye mgongo mbovu. Anatafutiwa nyumba ya wazee. Akiingia huko, hatoki ila kwa jeneza, na hilo kila mtu mjini Stoke analijua bila kuambiwa.

*

Gari la Craig lilisimama mlangoni saa tano na dakika kumi. Craig ni mume wa binti yao Gaynor, fundi wa mapaa, mpana wa kifua na mwepesi wa mdomo. Yeye na Gaynor walifundishwa nusu saa pale wodini namna ya kumbeba mzee bila kumvunja tena.

"Haya mzee. Moja, mbili, tatu."

"Usinibane kwapa. Mimi si godoro."

"Godoro lingekuwa afadhali. Wanakulisha nini huko?"

"Viazi vya kuponda. Ukiumwa kichwa, viazi. Ukikosa usingizi, viazi."

Ng'ambo ya barabara Bi Colclough alikuwa amesimama na mfuko wa taka mkononi, mfuko aliokuwa anautupa kwa dakika kumi sasa. "Heri ya Krismasi, Desmond!" akapaza sauti. "Mbona unapendeza!"

Desmond alikuwa ananing'inia kati ya binti yake na mkwewe, miguu haigusi chini, suruali imeteremka na ukingo wa nepi ya hospitali unaonekana. "Nawe pia, Mavis," akajibu kwa adabu. Avril akakimbia kumshushia sweta. Alitamani kumrushia Bi Colclough huo mfuko wake, na alitamani pia kujificha, kwa sababu aliona aibu ya mumewe na akaona kwamba ni aibu yake pia.

Wakamweka kwenye kiti chake mbele ya televisheni, kile chenye mikono ya mbao, wakamfunika blanketi magotini. Nyuma ya pazia Gaynor akaficha chupa ya kukojolea. Choo kiko juu, ngazi kumi na tatu.

"Kiti kimebonyea," Desmond alisema.

"Umekibonyeza wewe," Avril alisema. "Tangu mwaka wa themanini na tisa."

*

Jikoni Gaynor alifunga mlango, akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Mama. Hii fomu."

"Naiona."

"Chumba wanatushikia mpaka tarehe ishirini na saba. Kuna watu wanne wanakisubiri. Weka saini leo, mimi nitaipeleka kesho kutwa asubuhi nikienda kazini."

"Vikabichi vitaungua."

"Hata maji hayajachemka. Mama, ulisema hivi hivi wiki iliyopita, viazi ndivyo vilivyokuwa vinaungua."

Avril akakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Nyumba yenyewe ya wazee alikuwa ameshaiona. Ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Leek, mabasi mawili na mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Zulia safi, harufu ya supu na dawa ya choo, wazee wamepangwa kuzunguka ukuta wakiangalia televisheni ambayo hakuna aliyeichagua. Si mahali pabaya. Alipotoka alijiambia hivyo mara tatu kituoni.

"Baba mwenyewe kakubali," Gaynor alisema.

Hilo ndilo lililomkera Avril. Mtu ambaye miaka thelathini alikataa televisheni isihamishwe kona, alikubali kuhamishwa yeye kana kwamba amealikwa kunywa bia. Alipoonyeshwa picha alisema dirisha linaangalia mashamba, na kwamba Jumapili wana pudini. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Avril alikuwa amejiandaa kwa vita, na vita havikuja. Akaona nafuu, na ile nafuu ndiyo iliyokuwa inamla usiku, kwa sababu mke mwema, alivyofundishwa yeye, haoni nafuu mumewe anapoondoka.

"Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema huwezi," Gaynor akaongeza, kwa upole.

"Najua nilichosema."

Akaichukua fomu, akaiweka juu ya friji chini ya kopo la biskuti. "Baada ya Mfalme," alisema.

*

Walikula saa saba na nusu kamili. Craig alimkata bata mzinga, kazi ambayo miaka yote ilikuwa ya Desmond, akamkata vibaya, na Desmond akafuata kila kipande kwa macho. Avril akamkatia nyama yake vipande vidogo.

"Ni nyonga iliyovunjika, Avril. Si vidole."

"Nisamehe."

"Nikatie na pudini basi, nisije nikajichoma kijiko."

Keeley, mjukuu, mwenye miaka kumi na mitano, akacheka mpaka akakohoa, na kwa dakika chache meza ikawa meza ya siku zote. Kisha Desmond akamwashiria Gaynor kwa jicho, Gaynor akaleta chupa, Keeley akatoka na sahani yake kwenda kula ngazini. Wote wakasikiliza ule mlio wakijifanya hawausikii. Craig akaanza kueleza habari za paa la shule fulani. Hakuna aliyemuuliza.

Saa tisa kasoro dakika kumi Keeley aliweka simu yake ndani ya kopo la peremende, kama sheria inavyotaka. Mwaka jana aligoma kusimama. Alisema yule ni mzee mmoja tu tajiri ambaye hawamjui wala yeye hawajui wao, na Desmond akamjibu kwamba hata jirani yake hamjui vizuri lakini akipita na jeneza anamvulia kofia. Ugomvi ule uliendelea mpaka mwaka mpya. Mwaka huu msichana alivua taji lake bila kuambiwa, akamvua na babu yake.

"Baba, leo wewe utakaa," Gaynor alisema. "Mfalme ataelewa."

"Ataelewa," Desmond alisema. "Naye si kijana."

*

Saa tisa. Ngoma zikavuma kwanza, taratibu halafu kwa nguvu, kisha bendi ikaingia. Akina Machin wakasimama. Craig na kifua mbele, Gaynor na macho yaliyokwisha kulowa kabla ya neno la kwanza, Keeley na mikono ubavuni. Macho yote kwenye televisheni.

Avril naye alisimama mahali pake, upande wa kulia wa mumewe, na kwa mstari wa kwanza wa wimbo hakuona ajabu yoyote. Bega la Desmond lilikuwa karibu na lake, juu kidogo, kama kila mwaka. Aliona ncha ya sikio lake kwa pembe ya jicho. Akafikiria sufuria zilizolowekwa. Ni kwenye mstari wa pili ndipo moyo ulipompiga teke, akageuka, jambo ambalo katika nyumba ile halifanywi.

Desmond alikuwa amesimama. Hakuegemea kiti wala hakushika kitu. Mikono ubavuni, kidevu juu, blanketi limeanguka kwenye viatu. Alikuwa akiitazama bendera kwenye kioo cha televisheni kwa utulivu wa mtu asiye na habari kwamba hawezi kusimama.

Halafu akapata habari. Avril aliliona hilo likimfikia usoni. Macho yalimshuka mpaka magotini, yakapanda polepole, yakakutana na ya mkewe. Wakatazamana kwa mstari mzima wa wimbo. Kisha Desmond akashika mikono ya kiti, akajishusha bila kishindo kama mtu anayeweka yai, akaokota blanketi, akajifunika. Wimbo ukaisha. Gaynor akajifuta machozi, akageuka, akamkuta baba yake ameketi kama alivyomwacha.

"Baba maskini," alisema. "Umeumia kutosimama, eh?"

"Kidogo," Desmond alisema.

Wakakaa. Mfalme akaanza kuzungumza, na kwa sheria ya nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kusema kitu.

Dakika kumi. Avril hakusikia neno hata moja la Mfalme, Mungu amsamehe na Mfalme naye amsamehe. Kwanza alifurahi. Furaha ilimjaa mpaka akataka kupiga kelele kwamba muujiza umetokea siku ya Krismasi, na Gaynor aupige picha. Lakini Avril alifanya kazi miaka ishirini na sita kiwandani akikagua vikombe kabla havijafungwa, na jicho lake halikuwa la kudanganywa. Muujiza hauketi kimya kimya. Muujiza haujifuniki blanketi. Mtu aliyeponywa huita watu, na huyu alikuwa ameshika pindo la blanketi kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi.

Kwa hiyo anaweza. Alikuwa anaweza. Sasa kwa nini?

Alipoyatafuta majibu alilipata moja tu, nalo lilimjia na sauti yake mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, kando ya kile kitanda cha wodini, Desmond amelala na mdomo wazi. Gaynor alimuuliza, "Mama, ukimrudisha nyumbani utaweza?" Naye, akiwa na siku ya nne bila usingizi, alisema, "Siwezi, Gaynor. Nimechoka naye. Nikimrudisha, ataniua kabla hajafa yeye." Na Gaynor akajibu, "Basi tumtafutie mahali. Atazoea." Desmond akageuka upande wa ukuta, akakoroma. Wiki iliyofuata ndipo alipoanza kushindwa kuinuka.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Avril hakuwa na uhakika ni mwongo yupi anayesemwa hapa.

*

Hotuba ilipokwisha Gaynor na Craig walikwenda jikoni kuosha vyombo. Keeley alichukua simu yake akapanda juu. Avril akaongeza sauti ya televisheni, akafunga mlango wa sebule, akasimama mbele ya mumewe.

"Simama."

"Nini?"

"Nimesema simama, Desmond. Kama ulivyosimama."

"Umezidisha divai."

"Nimekunywa glasi moja, na nimekuona. Mikono ubavuni, umesimama wima kama mlingoti."

Desmond akatazama mlango. "Ilikuwa bahati mbaya," alisema.

"Bahati mbaya!"

"Miaka sabini nasimama ngoma ile ikipigwa. Mguu haukuniuliza. Nilikuwa nimekwisha kufika juu ndipo nikakumbuka."

Avril alikaa kwenye kigoda. "Tangu lini?"

"Kusimama, tangu Oktoba. Kutembea, katikati ya Novemba. Alfajiri naenda chooni mwenyewe, wakiwa wanabadilishana zamu. Naumia, usidhani siumii. Lakini nafika."

"Na yule binti wa mazoezi akija unakuwa gunia la viazi."

"Ni kazi ngumu ile. Jaribu wewe kuwa gunia mbele ya binti mwenye moyo mzuri kama yule. Siku moja alilia."

Avril hakucheka. "Ulikuwa macho," alisema. "Siku ile na Gaynor."

Desmond akalinyoosha blanketi ambalo lilikuwa limekwisha kunyooka. "Sikukasirika," alisema. "Ulisema kweli. Nilikuangalia ulivyokuwa umekonda, koti linakupwaya. Nikasema basi, pale wana watu wa zamu, wana mashine za kunyanyulia. Wewe utalala. Utakuwa unakuja Jumanne na Jumamosi, tunakunywa chai, unaondoka. Nikaona ni jambo jema."

"Jambo jema kwa nani?"

"Kwako."

Hapo Avril alipandwa na hasira ambayo hakuijua tangu alipokuwa msichana. "Kwangu! Umenifanya mimi mwanamke aliyemtupa mumewe, na wewe ndiye mtakatifu! Ungeniacha nipande mabasi mawili na biskuti zangu mpaka mmoja wetu afe, nikikuomba msamaha kila Jumanne moyoni mwangu, na wewe miguu unayo! Nani alikupa ruhusa ya kuniamulia?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

Akapunguza. Kwenye televisheni watu waliimba wamevaa sweta nyekundu.

"Je, si kweli, Avril?" Desmond aliuliza. "Niambie mimi, si Gaynor. Si kweli kwamba umechoka nami?"

Angeweza kusema hapana. Wake wengi wangesema hapana na wangepewa busu. Avril akamtazama yule mzee, na mikono yake iliyopanga sahani tanurini miaka thelathini na minane, na nywele zilizokatwa vibaya na mtu wa wodi. "Ni kweli," alisema. "Ilikuwa kweli siku ile na leo bado ni kweli."

"Basi weka saini. Hakuna aliyeona ila wewe."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Hakuna aliyeona. Fomu iko juu ya friji. Avril alilifikiria jambo hilo, hakulifukuza haraka kama anavyopaswa mtu mwema; alilipima. Aliona usiku mzima wa usingizi. Aliona kitanda kizima ni chake. Desmond akamwacha apime, wala hakumharakisha, na pengine angemharakisha mambo yangekwenda vingine.

*

Gaynor aliingia na kalamu, mikono bado ina povu.

"Mama, nimeikuta fomu. Tumalize, tufungue zawadi."

"Sisaini."

"Mama."

"Nasema sisaini, Gaynor. Baba yako anarudi nyumbani."

Gaynor akaweka kalamu juu ya televisheni, polepole, kama mtu anayejizuia asiivunje. "Nimetumia siku kumi na moja za likizo yangu kuzunguka nyumba za wazee," alisema. "Kumi na moja. Nimenusa kila choo cha mkoa huu. Nimepiga magoti kwa watu ili wampe chumba chenye dirisha. Na sasa, kwa sababu ni Krismasi na umekunywa divai, unamwonea huruma. Nani atamnyanyua? Wewe? Akianguka hapo saa nane za usiku utampigia nani, Mfalme?"

"Sijui."

"Hujui! Wewe mwenyewe ulisema atakuua. Ulinililia. Uliniambia..." Akakumbuka baba yake yuko pale, uso ukamwiva.

"Alisema," Desmond alisema. "Nilisikia. Nawe ukasema nitazoea."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilimchoma Gaynor zaidi. Craig akatokea mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, akaona nyuso, akataka kurudi jikoni.

"Kaa hapo hapo, Craig," Desmond alisema. "Usiende mbali, huenda nikaanguka."

Akalitupa blanketi pembeni. Safari hii hakukuwa na ngoma wala bendi ya kumbeba, na mguu uliulizwa. Alishika mikono ya kiti, akasukuma, akarudi chini. Akasukuma tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na lilikuwa jasho halali, si lile la wodini. Avril alinyoosha mkono kumsaidia, akaukunja. Mara ya tatu Desmond akapanda, akayumba, akashika kona ya televisheni, akasimama.

Craig akaangusha kitambaa chake cha vyombo.

"Asubuhi nimekubeba kama friji," Craig alisema. "Mzee. Kama friji!"

Gaynor akakaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kulia, na alipolia hakujulikana analia kwa hasira, kwa aibu au kwa nafuu. Pengine yeye mwenyewe hakujua. Avril akamwekea mkono kichwani, Gaynor akautoa, kisha akaushika, akaushikilia. "Mtaniua nyinyi wawili," alisema.

"Panga foleni, nyuma ya mama yako," Desmond alisema. "Naomba nikae sasa. Inauma kishenzi."

*

Ruhusa ilikuwa mpaka saa kumi na mbili jioni, na ruhusa ni ruhusa. Ilibidi arudi wodini, asimame kesho kutwa mbele ya yule binti wa mazoezi, amwombe radhi, na aanze upya kama mgonjwa wa kweli. Gaynor alisema wakimkubalia itachukua wiki mbili au tatu kabla hajaruhusiwa, na kwamba yeye atakuja Jumapili, Jumapili tu, wasimdanganye wala wasimpigie simu za kumlilia katikati ya wiki. Kisha akasema na Jumatano pia, akiweza. Ile fomu aliikunja mara nne akaitia mfukoni, hakuichana. Ni mwanamke mwenye akili.

Craig alitaka kuleta kiti cha magurudumu. Avril akamwambia akiache garini.

Kutoka kwenye kiti cha sebuleni mpaka mlango wa mbele ni hatua tisa za mtu mzima. Desmond alizifanya ishirini na kitu. Mkono mmoja aliuweka ukutani, wa pili begani kwa Avril, na uzito wake ulimshuka mgongoni mpaka akahisi kila pingili. Alikuwa mzito kuliko alivyokumbuka. Penye makoti yaliyotundikwa wakapumzika. Nje kulikuwa na giza na mvua nyepesi, na Craig alikuwa amewasha taa za gari.

"Utachoka," Desmond alisema, pumzi zikimkata.

"Nitachoka."

"Sisemi siku moja, Avril. Wala mbili."

"Nimesikia. Nitachoka, na siku nyingine nitakuchukia, na utanisikia nikisema." Akamshika vizuri kiunoni. "Sasa inua mguu, hapo pana kizingiti."

Akauinua.